Imepimwa na Rejani

Rejani Sukumaran alipongezwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na kwa muda wa kama dakika nne hivi alifurahi kwelikweli.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mvua ya Juni inaimwagikia Thiruvananthapuram, kusini mwa India, bila huruma. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia ofisini, koti la mvua linachuruzika, helmeti ya skuta mkononi, Ashitha, jirani yake wa meza, akamrukia shingoni.

"We mwanamke we! Arobaini na moja kwa siku moja, na hata kunidokeza hukunidokeza! Leo vada za kutafunia chai ni juu yako, tena usiniletee zile baridi za jana."

"Arobaini na moja nini?"

"Haya, jifanye hujui. Kasome barua zako kwanza, ndipo uje kuturingia."

Barua ilitoka Brno, kule Ulaya, kwa mzee Radim. Huyo ndiye aliyekuwa mwangalizi mkuu wa programu waliyokuwa wakiihudumia, na barua zake nyingi zilikuwa na neno moja tu: "Hapana." Safari hii alikuwa ameandika mistari minne mizima. Amevipitia vipimo arobaini na kimoja vilivyorekebishwa, vyote vinafaulu kwenye kompaila zote mbili, na kwa kuwa Rejani ndiye aliyevipima, anapendekeza apewe ufunguo. Mwenye pingamizi aseme kabla ya Jumatatu.

Ufunguo wenyewe haukuwa wa chuma. Ilikuwa idhini ya kuingiza mabadiliko kwenye ile programu bila kumbembeleza mtu. Duniani kote waliokuwa nayo hawakufika thelathini, na Thiruvananthapuram nzima alikuwa nayo mmoja, Sojan Kuruvila, kiongozi wa kikundi chao. Rejani, binti wa fundi cherehani wa Nedumangad, aliyesoma chuo cha ufundi ambacho ofisini ilibidi akitaje mara mbili ndipo watu wakisikie, alikuwa akiutamani ufunguo huo kwa miaka sita. Kwa hiyo alisimama pale, maji yanamtiririka mpaka kwenye viatu, akacheka peke yake.

Dakika ya tano akajiuliza: vipimo vipi?

Maana yeye alikuwa na vipimo arobaini na kimoja, ndiyo, lakini vilikuwa vyekundu vyote, yaani vimeanguka. Vilikuwa kwenye orodha ya kazi ambazo bado.

Kazi yao pale ghorofa ya tano ilikuwa kumtunza mpekuzi. Mpekuzi, ndivyo walivyomwita, ni programu inayoingia ndani ya programu nyingine, inaisimamisha katikati ya mwendo na kuihoji: umefika mstari gani, na umeshika nini mkononi? Mafundi wa kompyuta wanamtegemea kusaka makosa. Akiwadanganya, wanasaka upande ambao kosa halipo, na wanaweza kuzunguka huko wiki nzima wakitukana mashine isiyo na hatia.

Sasa, mpekuzi haoni kwa macho yake mwenyewe. Anasoma maelezo anayoachiwa na kompaila, ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine: mstari huu nimeuweka hapa, thamani ile iko pale. Na kompaila ni kama wapishi. Wape wawili mchele uleule na dengu zilezile, kila mmoja atakupakulia chakula chake. Kompaila ya zamani ilikuwa ya taratibu, kila kitu inakiacha mahali pake. Ile mpya ina haraka. Ikiona thamani haina kazi tena inaitupa, mistari inaipangua inavyotaka. Vipimo vya mpekuzi vilikuwa vimeandikwa na watu walioizoea ile ya zamani: simama mstari wa arobaini na mbili, uliza thamani, jibu lazima liwe saba. Ukivipeleka kwenye kompaila mpya, mpekuzi anasimama mstari wa arobaini na tatu, au anajibu kwamba thamani imeshatupwa. Vipimo sitini na vitatu vilianguka hivyo, na hakuna aliyejua kipi kimeanguka kwa sababu mpekuzi ana kasoro na kipi kimeanguka kwa sababu mpishi amebadilika.

Tangu Februari Rejani alikuwa akivichukua kimoja kimoja. Alikuwa akiiweka kompaila pembeni kabisa na kuyaandika kwa mkono yale maelezo ambayo ingemwachia mpekuzi, mstari kwa mstari, ili kipimo kimhoji mpekuzi peke yake na kisitegemee tabia za kompaila yoyote. Ni kazi ya kuumiza shingo. Kipimo kimoja kilimla siku tatu, kingine wiki. Alikuwa amemaliza ishirini na viwili, na njiani akamkuta mpekuzi na kasoro mbili za kweli ambazo kompaila ya zamani ilikuwa ikizifunika miaka yote.

Wiki mbili kabla alikwenda mezani kwa Sojan. "Sojan chetta," alimwambia, kwa heshima ya kaka mkubwa, kama alivyomwita tangu siku ya kwanza, "vimebaki arobaini na kimoja. Nipe mpaka mwisho wa mwaka. Tusivilegeze, nakuomba. Nikivimaliza, vitakuwa vimemalizika."

"Sheri," alisema Sojan.

Neno hilo katika Kimalayalam linabebeshwa mizigo yote. Sheri ni sawa, ni kweli, ni nimekubali, ni haya basi, ni hebu niache nimalize kula. Mtu anasema sheri kwenye simu mara kumi na mbili na bado hajaahidi kitu. Rejani amezaliwa na lugha hiyo, analijua neno hilo kuliko anavyolijua jina la mtaa wake. Lakini lilitoka kinywani mwa Sojan, na kwa Sojan hakuwahi kulichambua.

Sasa Rejani akafungua yale mabadiliko aliyoyasifu Radim. Chini kabisa, kama desturi ya kazi yao inavyotaka, palikuwa na mistari miwili ya majina:

Imeandikwa na: Sojan Kuruvila.
Imepimwa na: Rejani Sukumaran.

Tarehe ilikuwa ya Jumanne.

Rejani akaisoma tarehe mara mbili. Jumanne ilikuwa hartal. Chama kimoja kiliitisha mgomo, jimbo zima likafunga milango: hakuna basi, hakuna duka, ofisi kimya. Yeye alikuwa Nedumangad kwa mama yake, akikuna nazi. Tawi la mfenesi lilikuwa limeangukia waya tangu alfajiri, umeme hakuna, na kufika saa nne simu ilikuwa imezima. Siku hiyo asingeweza kupima hata chumvi ya mchuzi. Mzee Radim huko Brno angejuaje? Kwake Jumanne ni Jumanne tu.

Ukweli ni kwamba bado alimtetea. Moyoni alisema, chetta kakosea jina, au kapata njia ambayo mimi sikuiona. Mtu uliyempenda humwachi kwenye kosa la kwanza, unamtafutia udhuru wewe mwenyewe kabla hajakuomba.

Basi akafanya kile alichofundishwa. Wiki yake ya kwanza kazini Sojan alimketisha, akamwambia: "Kipimo usikiamini mpaka ukisikie kikilia. Nenda kamharibu mpekuzi kwa makusudi, halafu kiendeshe. Kikilia, kizima. Kikinyamaza, huna kipimo, una pambo." Hilo waliliita kukifinya kipimo, kama unavyomfinya mtoto aliyelala kupita kiasi uone kama yu mzima. Mpaka ikawa salamu yao, wakikutana kwenye ngazi, "Umekifinya?" Na mwingine, "Kimelia mpaka majirani wamekuja."

Akamharibu mpekuzi. Alimfanya ajibu elfu tisa kwa kila swali, lolote litakaloulizwa. Akaviendesha vipimo vyote arobaini na kimoja.

Kijani.

Akazidi kumharibu. Alimkata ulimi kabisa, asijibu chochote, aulizwe na akae kimya. Akaviendesha tena.

Kijani, juu mpaka chini.

Ndipo akaingia ndani kuona. Mahali ambapo kipimo kilitakiwa kudai saba, Sojan alikuwa ameweka nukta na nyota. Alama hizo mbili katika kazi yao maana yake ni chochote kile. Jibu likiwa saba, sawa. Likiwa elfu tisa, sawa. Lisipokuwepo, sawa vilevile. Vipimo vyote arobaini na kimoja, nukta na nyota. Kimojawapo Rejani alikuwa amekifikisha katikati, mistari mia na themanini aliyoiandika kwa mkono, na hiyo ilifutwa yote, hata kuwekwa pembeni haikuwekwa.

Hapo roho ilimuuma, na haikumuuma kwa ajili ya mistari. Ilimuuma kwa sababu aliyeweka ile nyota anajua. Angekuwa mgeni wa kazi, Rejani angemcheka na kumfundisha. Huyu ndiye aliyemfundisha yeye. Huyu ndiye aliyewahi kumwekea kidole kwenye mstari wa Imepimwa na, akamwambia, "Hapa huandiki jina la mtu ambaye hajagusa kazi. Hata la mama yako. Hata la kwako." Alisalitiwa na mtu aliyejua bei ya usaliti wenyewe, kwa maana ndiye aliyemfundisha bei hiyo.

"Mbona umekauka hivyo?" aliuliza Ashitha. "Au ufunguo umeshaanza kukuelemea?"

"Sojan chetta yuko wapi?"

"Mgahawani, yuko na chai yake. Tangu jana wale wageni wa kampuni waondoke anatembea kama aliyeoa upya. Na bosi mwenyewe, Madam Usha, kamsifu mbele za watu."

Rejani akateremka kwa ngazi.

Sojan alikuwa amesimama kwenye baraza la mgahawa, gilasi ya chai ya rangi yenye ndimu mkononi, anaitazama mvua. Mtu wa miaka hamsini hivi, ndevu zimechanganyika mvi, shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kumwona akiandikia. Alipomwona Rejani uso ukamkunjuka.

"Ehee, mheshimiwa mwenyewe! Umesoma barua ya mzee? Mistari minne! Mimi tangu nimjue hajanipa hata miwili."

"Chetta," alisema Rejani, "umevifinya?"

Tabasamu la Sojan lilikawia kidogo usoni, kisha likaondoka.

"Rejani, hebu sikiliza kwanza."

"Nakuuliza swali letu la kila siku. Umevifinya?"

"Wageni walikuwa wanakuja Jumatano. Madam aliwaahidi kijani kwenye kompaila zote mbili, aliahidi kabla hajaniuliza. Ulitaka nifanye nini? Niwasimamishe mbele ya ukuta mwekundu niwaambie karibuni chai?"

"Nilitaka ufanye ulichoniahidi. Mpaka mwisho wa mwaka. Ulisema sheri."

"Na Madam naye nilimwambia sheri! Ningemwambia nini, Rejani? Sheri maana yake nimekusikia."

"Kwangu ilikuwa maana yake umekubali."

Sojan akaweka gilasi kwenye ukingo wa baraza. Nyuma yao watu wa kitengo cha mishahara walikuwa wakicheka jambo lao.

"Jina langu liliingiaje pale?" aliuliza Rejani.

"Kanuni inataka mtu wa pili, unajua mwenyewe. Nilikupigia mara tatu. Simu imezima."

"Kwa hiyo simu yangu ikizima, jina langu linakuwa la kila mtu? Wa kuchota achote?"

"Ningeweka la nani? La Ashitha? Radim asingeliamini. Lako analiamini."

Alilisema kama anamsifu, masikini, na pengine kichwani mwake ilikuwa sifa kweli. Miaka sita Rejani alilijenga jina hilo, kipimo kwa kipimo, mpaka mzee wa Brno asiyeamini kitu akaliamini. Na kumbe kwa huyu hapa limekuwa kama mwavuli wa jirani, unauchukua mlangoni mvua ikinyesha.

"Umenigeuka, chetta," alisema. "Angefanya Madam Usha, nisingejali. Yeye hajui nyota ni nini. Wewe unajua."

"Nimekufanyia wewe pia! Hebu fikiri. Ufunguo unaupata Jumatatu. Ukishaupata, mimi na wewe tunavirudia kimya kimya, kimoja kimoja, vizuri kabisa, kama ulivyotaka. Mwisho wa mwaka kila kitu kiko sawa. Nani atajua?"

"Katikati hapo mpekuzi akianza kudanganya watu?"

"Hatadanganya."

"Tutajuaje? Vipimo vinakubali hata akiwa bubu. Nimemkata ulimi asubuhi hii na vimempigia makofi."

Sojan alijipangusa uso kwa kiganja, na ghafla akaonekana mzee. Rejani alikumbuka mwaka ule baba yake alipofariki, mvua kama hii, barabara ya Nedumangad imekatika. Sojan aliacha gari akatembea kwa miguu kilomita nne, suruali matope mpaka magotini, akaja akakaa na mama yake bila kusema neno. Kumbukumbu hiyo haikumsaidia. Ilizidisha kidonda, maana mtu yule na mtu huyu walikuwa wamevaa shati moja.

"Wakijua wataninyang'anya ufunguo," alisema Sojan taratibu. "Miaka kumi na minne, Rejani. Na Madam hatasema alinisukuma, atasema hajui. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiandike leo. Niache mpaka Jumatatu, nitamwandikia Radim mwenyewe, kwa mkono wangu, nitasema kila kitu. Nakuapia kwa watoto wangu. Jumatatu tu."

Jumatatu. Siku ambayo muda wa pingamizi unakwisha. Siku ambayo Rejani angekuwa ameshapokea ufunguo, na baada ya hapo yeyote atakayeuliza ataambiwa wamo wote wawili. Labda Sojan hakulifikiria hilo. Labda alilifikiria. Kilichomuumiza Rejani kuliko yote ni kwamba kabla ya leo asingejiuliza.

Rejani akamtazama usoni.

"Sheri," alisema.

Sojan akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akamgusa kichwa kwa kiganja, kama wanavyofanya wakubwa. "Nilijua. Nilijua utanielewa. Ngoja nikuchukulie vada, zimetoka mafutani sasa hivi. Tangulia juu, umelowa, utapata homa."

Rejani akatangulia. Kwenye ngazi alisimama mara moja, akashika ukuta, akangoja machozi yapite. Hayakupita yote, akaendelea kupanda nayo hivyohivyo.

Alipokaa mezani hakuandika barua ya faragha. Aliandika palepale penye pendekezo la Radim, mbele ya wote wenye ufunguo na wote wanaoutamani, huku Ashitha akichungulia kwa pembeni na kuacha kutafuna.

"Sikuvipima vipimo hivi," aliandika. "Siku hiyo huku kwetu palikuwa na hartal, na nyumbani sikuwa na umeme. Nimevifinya leo: nimemharibu mpekuzi mara mbili kwa makusudi, na vyote arobaini na kimoja vimefaulu. Vinakubali jibu lolote. Naomba viondolewe vyote na vile vya zamani virudishwe, hata kama ni vyekundu. Mstari wenye jina langu si wa kweli. Pendekezo la kunipa ufunguo limetokana na mstari huo, kwa hiyo naomba nalo liondolewe."

Alisoma mara moja. Kidole kilitulia juu ya kitufe, na hapo aliuona ufunguo wake kabisa, ukiwa karibu kuliko utakavyopata kuwa karibu tena, pengine kwa miaka, pengine milele. Akalia kidogo kwa ajili yake. Akabonyeza.

"Mama yangu wee," alinong'ona Ashitha. "Rejani. Umefanya nini?"

Sojan alitokea mlangoni, anachechemea kidogo kama kawaida yake siku za mvua, vada mbili kwenye kipande cha gazeti, mafuta yameshapenya. Alikuwa anatabasamu. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati, nyuma ya zile kalamu. Aliweka vada mezani kwa Rejani kwanza, akazisogeza karibu naye zisianguke, kisha akaitoa simu, akaiweka mbali na macho kama watu wa umri wake, akasoma.

Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena.

"Ulisema sheri," alisema.

Rejani alizitazama zile vada, bado zinafuka moshi.

"Nilikusikia, chetta," alijibu.